Umeme Unaopita Chini ya Bahari

Asubuhi, katika mitaa ya Bunia, watoto hutumwa kwenye mashini ya kusaga. Wamejitwika mihogo mikavu au mahindi, nao hupanga mstari wakingoja zamu yao. Mwenye mashini huwasha injini, injini huvuma, na baada ya muda mfupi mihogo imekuwa unga. Lakini siku mazutu yamekwisha, mashini hukaa kimya. Mtoto hurudi nyumbani na mihogo yake, na siku hiyo mama hutwanga kwenye kinu, kama bibi yake alivyotwanga.

Tazama basi: kazi ni ile ile, na unga ni ule ule. Kilichobadilika ni nguvu tu. Kinu huendeshwa na nguvu ya mikono, na mashini huendeshwa na nguvu ya mazutu. Iko na nguvu ya tatu, ambayo haina moshi wala mlio, nayo husafiri katika waya. Hiyo ndiyo nguvu ya umeme.

Watu wa Ituri wanaijua nguvu hiyo tangu siku nyingi. Wabeljiji walipochimba dhahabu katika machimbo ya Kilo, walihitaji nguvu kubwa ya kuvunja mawe na kuyasaga, ili dhahabu itoke. Kuni hazikutosha, na mafuta yalitoka mbali. Basi wakautazama mto Shari, ambao hauko mbali na Bunia. Mahali paitwapo Budana mto huo unashuka kwa nguvu, nao wakafunga mashini zao hapo ili maji yazizungushe.

Labda utauliza: maji yanawezaje kuwa umeme? Maji hayawi umeme. Maji yanasukuma tu. Yanaingizwa katika bomba kubwa lenye mteremko, yanashuka kwa kishindo na kugonga gurudumu lenye mabamba, na gurudumu linazunguka. Gurudumu hilo limeunganishwa na sumaku kubwa, iliyozungukwa na nyuzi nyingi za shaba. Sumaku inapozunguka karibu na nyuzi hizo, umeme unaanza kupita ndani yake. Aliyegundua siri hiyo alikuwa Mwingereza, jina lake Michael Faraday, mwaka wa 1831. Alikuwa mtoto wa mhunzi, na hakusoma shule kwa miaka mingi. Mashini zote kubwa za umeme duniani, zinazozungushwa na maji au na mvuke au na injini ya mazutu, zinafuata siri hiyo moja ya sumaku na shaba.

Umeme una tabia moja ambayo lazima ikumbukwe vizuri, kwa maana habari inayofuata yote inaitegemea. Mahindi yakivunwa, huwekwa ghalani, na mtu hula akiba yake hata mwezi wa njaa. Umeme mwingi, ule wa mji mzima, hauwekwi ghalani kwa urahisi. Umeme unaowaka katika taa saa hii umetengenezwa saa hii hii, labda mbali sana, na gurudumu linalozunguka sasa. Gurudumu likisimama, au waya ukikatika, taa inazimika mara moja. Haingoji hata kupepesa macho.

Sasa, nchi yenye milima na mito kama Ituri inaweza kupata umeme kutoka kwa maji yake yenyewe. Lakini kisiwa kidogo katikati ya bahari kitafanya nini, ikiwa hakina mlima wala mto mkubwa?

Kiko kisiwa cha namna hiyo, nacho ni Unguja. Jina lake si geni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili cha vitabu vya shule kilifuata usemi wa watu wa mji wa Unguja. Kisiwa hiki kiko katika Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Tanzania. Kutoka Bunia kwenda huko, hata kama mtu angeruka kama ndege bila kupinda, angepita zaidi ya kilometa 1,000. Urefu wa kisiwa ni kilometa 85 hivi. Kaskazini yake kuna ndugu yake, Pemba, kisiwa cha karafuu. Visiwa hivyo viwili pamoja na vingine vidogo huitwa Zanzibar.

Watu wa Unguja waliona taa za umeme mapema kuliko watu wengi wa Afrika. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hata 1888, alijenga jumba kubwa karibu na bahari mwaka wa 1883. Jumba hilo lilikuwa la kwanza mjini kupata taa za umeme, na watu waliostaajabu wakaliita Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Huyo Barghash ndiye pia aliyeleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za Bububu. Yakumbuke maji hayo, kwa maana baadaye maji na umeme vilifungwa pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja.

Kwa miaka mingi umeme wa Unguja ulitoka katika injini za mazutu zilizokuwa mjini. Injini hizo zilikunywa mafuta mchana na usiku, na kila tone lililetwa kwa meli. Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Tanzania bara ilikuwa inajenga mashini kubwa penye mito yake. Kubwa kuliko zote wakati ule ilikuwa ya Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, iliyoanza kazi mwaka wa 1975. Basi watu wakafikiri: bara ina nguvu ya kutosha, na Unguja haina. Kati yao pana maji ya chumvi, karibu kilometa 40. Je, haiwezekani kupeleka nguvu hiyo chini ya bahari?

Iliwezekana. Lakini waya wa baharini si waya wa kawaida, ule unaoonekana juu ya nguzo. Umeme hupenda kukimbilia mahali penye njia rahisi, na maji ya chumvi ni njia rahisi sana kwake. Waya mtupu ukitumbukizwa baharini, umeme wote utatorokea majini. Kwa hiyo waya wa baharini huvishwa nguo nyingi. Katikati kuna nyuzi nene za shaba au alumini, ambamo umeme unapita. Juu yake kuna nguo nene isiyopitisha umeme. Halafu kuna nguo ya kuzuia maji. Na nje kabisa kuna nguo ya chuma, ili mawe, mawimbi na nanga za meli zisiujeruhi. Waya wenyewe ni mzito mno. Huzungushwa juu ya pipa kubwa katika meli, na meli inakwenda polepole, huku waya ukishuka mpaka chini ya bahari.

Kabla ya kuingia baharini, umeme huongezewa msukumo. Kipimo cha msukumo huo ni volti. Katika nyumba za Unguja umeme una volti 230, lakini katika waya wa baharini ulitiwa volti 132,000. Sababu ni hii: umeme wenye msukumo mdogo ukisafiri mbali, nyingi ya nguvu yake hupotea njiani na kuwa joto la bure. Ukiwa na msukumo mkubwa, hufika karibu wote. Ukisha kufika, hupunguzwa tena kidogo kidogo, ili usiwaue watu majumbani.

Waya huo ulianza kazi mwaka wa 1980. Uliingia baharini penye Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, ukatokea Ras Fumba, kusini ya Unguja. Uliweza kupitisha megawati 45. Megawati moja ni kipimo cha nguvu nyingi, ya kutosha kuwasha taa za nyumba mamia na mamia. Tangu siku hiyo, mvua iliyonyesha juu ya milima ya kusini ya Tanzania ilishuka katika mto Ruaha, ikazungusha magurudumu ya Kidatu, na nguvu yake ikaja kuwasha taa ya mtu aliyeketi Unguja. Huenda mtu huyo hakuwahi kuiona milima hiyo hata siku moja.

Injini za zamani hazikuwa na kazi tena. Kwa nini kununua mazutu, na umeme unakuja wenyewe chini ya bahari? Injini zikachakaa, na hazikuwekwa nyingine za kutosha. Neno hili lilionekana kuwa la busara, tena lilipunguza gharama. Nalo ndilo lililoleta shida baadaye.

Kila mtoto wa Ituri anajua maana ya daraja kukatika. Malori yanasimama upande wa pili katika matope. Siku chache zikipita, chumvi inapanda bei, sabuni inapanda bei, na petroli haipatikani. Mji haukuharibiwa, wala watu hawakufanya kosa lolote. Ni njia moja tu iliyokatika, na hapana nyingine. Waya wa Unguja ulikuwa daraja la namna hiyo. Kisiwa kizima kilipita juu ya daraja moja.

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 daraja hilo lilikatika. Waya ulipata ajali, na Unguja yote ikawa giza. Watu wengi walidhani ni kama siku nyingine, kwamba taa zitarudi baada ya saa moja au mbili. Wakalala. Asubuhi hapakuwa na umeme. Kesho yake pia hapakuwa. Mafundi wanaojua kutengeneza waya mkubwa kama ule ni wachache duniani, na vyombo vyao haviuzwi dukani. Umeme ulirudi tarehe 18 Juni, baada ya wiki nne.

Mtu anaweza kusema: giza ni nini? Babu zetu waliishi na taa ya mafuta, na mwezi uliwatosha. Neno hilo ni kweli, kama shida ingekuwa giza tu. Lakini shida ya kwanza ya Unguja haikuwa giza. Ilikuwa maji.

Unguja ina vijito vidogo tu. Maji mengi ya kunywa yako chini ya ardhi, katika mawe ya matumbawe, nayo huvutwa na pampu, na pampu huzungushwa na umeme. Umeme ulipokatika, pampu zikasimama. Mtu alifungua bomba, likatoa hewa. Basi wanawake na watoto wakachukua ndoo na madumu (ndiyo yale watu wa Bunia wanayoita bidoni), wakaenda kutafuta visima vya zamani. Visima vingine vilikuwa vimesahauliwa miaka mingi. Mistari ikawa mirefu. Penye maji palipatikana na wauzaji, waliopakia madumu kwenye mikokoteni na kuyapitisha mitaani. Mwenye fedha alinunua. Asiye na fedha alitembea.

Shida ya pili ilikuwa kazi. Mwenye kuuza samaki hakuwa na barafu, na samaki haingoji. Fundi wa kuunga vyuma alikaa mbele ya karakana yake mikono mitupu. Fundi wa nguo mwenye cherehani ya miguu aliendelea kushona. Mwenye cherehani ya umeme hakushona. Wenye hoteli na maduka makubwa waliwasha injini ndogo zao wenyewe, hata vichochoro vya mji vikajaa mlio na moshi, lakini mazutu ya injini hizo yalikula faida yao. Hospitali nazo zilitegemea injini. Jioni wanafunzi walisoma kwa kibatari.

Wako waliofikiri kwamba watu wa mashamba hawakudhurika, kwa maana nyumba nyingi za mashamba wakati ule hazikuwa na umeme hata kidogo. Mtu asiye na taa atalia nini taa ikizimika? Lakini nguvu ya umeme ni kama maji ya mto: hata yule asiyekunywa mtoni hula samaki wake. Mkulima alipeleka mboga sokoni, akamkuta mnunuzi wake hana kazi wala fedha.

Miaka michache baadaye mtaalamu mmoja wa uchumi alikwenda kuchunguza madaftari ya wodi ya wazazi katika hospitali kuu ya Unguja. Katika wodi hiyo kila mtoto anayezaliwa hupimwa uzito, na uzito wake huandikwa. Mtaalamu akapanga hesabu zile kwa miezi. Akaona kwamba watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa giza lile walizaliwa na uzito mdogo kuliko wengine. Alipotafuta sababu, aliona kwamba watu waliofanya kazi za kutumia umeme walikuwa wamepoteza saa nyingi za kazi, na mshahara wao ukapungua. Na penye mshahara mdogo chakula kinapungua. Hivyo wiki nne za waya kukatika ziliandikwa katika miili ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa bado.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hayo kisiwa kingepata njia ya pili upesi. Lakini waya wa baharini hauagizwi leo ukafika kesho. Fedha yake ni nyingi mno, na kazi yake ni ya miaka. Mwezi wa Desemba 2009, kabla haujapatikana waya mwingine, ule wa zamani ulipata ajali tena. Safari hii giza halikuwa la wiki nne. Lilidumu karibu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya ulikuwa umefanya kazi miaka karibu thelathini, nao ulikuwa umezeeka.

Mwaka ule wa 2010 mambo yalianza kugeuka. Penye Mtoni, karibu na mji, zilipangwa injini nyingi za mazutu, ili zisaidie kama waya ungekatika mara ya tatu. Injini hizo hula fedha, lakini heshima ya injini ya akiba haipimwi siku ya mwangaza. Pemba nayo ilipata waya wake mwaka huo huo. Mpaka wakati ule Pemba ilikuwa haijaunganishwa na bara, bali iliishi kwa injini za mazutu zilizoko Wesha, karibu na Chake Chake. Serikali ya Norway ilisaidia kulaza waya wa baharini kutoka Tanga, na waya huo ni mrefu kuliko ule wa Unguja, zaidi ya kilometa 70.

Mwaka wa 2013 Unguja ikapata waya wa pili. Fedha ilitoka Marekani, na waliotengeneza waya na kuulaza ni Wajapani. Waya huo mpya unaweza kupitisha megawati 100, zaidi ya mara mbili ya ule wa 1980.

Hata umeme wenyewe haukutoka tena katika mito peke yake. Mvua inapokosekana, mito hushuka na magurudumu huenda polepole. Tanzania ilipata taabu hiyo mara nyingi. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa 2004 gesi ilianza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba ili ichomwe na kuzungusha mashini za umeme. Na gesi hiyo inatoka wapi? Inatoka Songo Songo, kisiwa kidogo mbele ya pwani ya Kilwa! Basi kisiwa kimoja kinatoa nguvu, inakwenda bara, na sehemu yake inarudi baharini kuwasha taa katika kisiwa kingine. Halafu mwaka wa 2024 zilianza kuzunguka mashini za bwawa kubwa la mto Rufiji, linaloitwa kwa jina la Julius Nyerere. Mashini zake tisa zote pamoja zimetengenezwa kutoa megawati 2,115.

Lakini kuwa na nguvu nyingi bara hakuongezi upana wa daraja. Watu wa Zanzibar wanaongezeka upesi: mwaka wa 2012 walihesabiwa milioni 1.3, na mwaka wa 2022 walikuwa karibu milioni 1.9. Hoteli zimeongezeka, nyumba zimeongezeka, pampu za maji zimeongezeka. Kwa sababu hiyo wahandisi wa Unguja walianza kulitazama jua. Mwaka wa 2021 Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha kwa kazi ya umeme wa Zanzibar, pamoja na sahani za kupokea mwanga wa jua na betri kubwa za kuweka nguvu yake. Jua halihitaji meli wala waya wa baharini. Shida yake ni kwamba linazama jioni, saa ile ile watu wanapowasha taa. Ndiyo maana betri zinahitajiwa, nazo ni ghali.

Huko Bunia pia sahani za jua zinaonekana juu ya mapaa ya mabati. Sahani moja ndogo huwasha taa mbili au tatu na kutia nguvu katika simu. Mashini ya kusaga mihogo haiwezi kuizungusha.